Bakuli Chini ya Blanketi

Baridi ya mwaka ule kijijini Solgol ukiisimulia utaitwa mzushi. Jogoo aliwika alfajiri, sauti ikaganda hewani, tukaja kuisikia mwezi wa tatu theluji ilipoyeyuka. Anayebisha aende akaulize. Basi ni katika baridi hiyo hiyo Mchungaji Nam na Mzee Pyo walipanda mlima kwenda kumhoji Bibi Malsun nyumbani kwake, maana goti la bibi lilikuwa limegoma kuteremka.

Bibi Malsun alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, mfupi, mkavu kama pilipili iliyoanikwa, na mwongo. Si mwongo wa kudhuru, wa kuchangamsha tu. Alikuwa amekaa benchi la mwisho kanisani miaka tisa, na bado hakuwa amebatizwa. Mara tatu alihojiwa, mara tatu akaanguka. Swali la kwanza lilikuwa "Mungu ni nani?", na jibu lake lilikuwa refu kama mkia wa ng'ombe, nalo liliandikwa kitabuni. Bibi hajui kusoma. Alifundishwa kwa mdomo, na kila alipofika katikati ulimi ulijifunga fundo.

Safari hii alitaka kufaulu, si mchezo. Kifua kilikuwa kikimkoroma tangu majani yapukutike, na hakudanganyika juu ya maana yake. Hakutaka kufika kwa Mungu kama mgeni asiyealikwa, akasimama mlangoni na viatu mkononi asijue aingie au arudi. Tena alikuwa anaogopa. Mungu aliyemuona kila akifumba macho alikuwa na nyusi za Mzee Pyo.

Na nyusi za Mzee Pyo, jamani! Huyu alikuwa mzee wa kanisa ambaye akipiga chafya watoto wanatubu.

Wakaingia, wakavua viatu. Chumba kilikuwa kimoja tu, na moto wa jikoni ulipita chini ya sakafu yake, ndiyo maana upande wa jikoni ulikuwa na joto kuliko kwingine kote. Hapo palikuwa pametandikwa blanketi. Mzee Pyo, kwa kuwa penye joto huketi mkubwa, akaenda hapo moja kwa moja.

"Si hapo, Mzee! Keti huku, hapo—"

"Usihangaike, Mama Chilbok. Sisi si wageni." Akaketi, akazamisha miguu yake iliyoganda chini ya blanketi.

Kwaa! Kifuniko kikaruka, wali wa moto ukamwagikia soksi. Mzee Pyo akaruka kama panzi.

"Nini hiki?"

"Wali," Bibi akasema.

"Naona ni wali! Umenichoma! Wa nani?"

Bibi akatazama sakafu. "Wa Chilbok."

Hakuna asiyemjua Chilbok. Ni mwana wa pekee wa Bibi Malsun. Miaka kumi na mmoja nyuma, baba yake akiwa kitandani hajiwezi, alimfungua maksai wa nyumbani akaenda kumuuza. Mama yake alipomng'ang'ania mkono wa shati, alimsukuma akaanguka kutoka barazani, na goti ndipo lilipoharibikia. Tangu hapo hakuna barua wala salamu. Watu walisema alifukiwa mgodini.

Mzee Pyo akamgeukia Mchungaji. "Umeona mwenyewe! Tumekataza kuwalisha wafu, tumekataza mpaka sauti zimekauka. Huyu anamwekea maiti wali, halafu anataka ubatizo! Inuka, twende zetu."

Hapo hofu ya Bibi Malsun ikamtoka, sijui ilipitia dirisha gani.

"Maiti? Mzee Pyo, nenda kasukutue kwa chumvi! Bibi yako alilisha wafu mpaka ghala likabaki na panya, leo hujui chakula cha wafu? Wa wafu huachwa wazi mezani, kijiko kimesimamishwa katikati. Huu una kifuniko. Huu umefunikwa blanketi. Maiti atapashiwa wali wa nini? Anayepashiwa ni anayekuja!"

Mchungaji Nam, kijana aliyetoka mjini, alikuwa amejiuma mdomo asicheke. Akauliza taratibu, "Unamwekea kila siku, Bibi?"

"Kila nikipika."

"Na asipokuja?"

"Jioni naula mimi na kabichi yangu ya pilipili. Kesho nampikia wali mwingine."

"Miaka yote kumi na mmoja?"

"Toa siku tatu." Bibi akajikuna kiganja. "Siku tatu za mwanzo nilikuwa na hasira. Nilipika wa kwangu peke yangu. Haukushuka, Mchungaji. Ulinikwama hapa."

"Alikuomba radhi?" Mzee Pyo akadakia.

"Ataniombea wapi na hayupo?"

"Basi akija aombe radhi kwanza, ndipo ale."

"Mzee, wewe umezaa, aliyelea ni mkeo. Mtu ana njaa, ana baridi, hayo maneno yataingilia wapi? Ale kwanza. Radhi ije, isije, wali usiwe umepoa."

Mchungaji akakohoa. "Haya Bibi, tuanze mahojiano. Mungu ni nani?"

Bibi akafumba macho. "Mungu ni... Mungu ni..." Jasho likamtoka katika baridi ile. Akafumbua macho, akautazama wali uliotapakaa sakafuni.

"Limepotea, Mchungaji. Wiki nne nimelikariri, hata nikichota maji nalisema. Lakini nikuulize. Mimi ni mwanamke mwongo. Nina kinyongo, jirani akikanyaga figili zangu simsalimu mwaka mzima. Na hivi hivi nilivyo, siwezi kuacha bakuli la mpumbavu yule lipoe. Sasa Yeye, asiye na kinyongo hata chembe, anatungojaje?" Sauti ikashuka. "Nimekuwa namuogopa sana. Hivi hata mimi ameniwekea?"

Mchungaji akapangusa uso kwa kiganja. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Baadaye alisema ni mvuke.

"Amekuwekea, Bibi. Kabla hujazaliwa alikuwa ameshakuwekea. Na wala haujapoa." Kisha akageuka, maana kanuni ilitaka wakubali wote wawili. "Mzee, wasemaje?"

Mzee Pyo alikuwa ameinama, akizitoa punje za wali kwenye soksi moja moja na kuziweka kiganjani. Mjini alikuwa na binti, aliyeolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka. Mwaka wa saba huo jina la binti halikuwa limetajwa nyumbani.

"Hilo bakuli," akasema bila kuinua uso, "ni la shaba au la udongo?"

"La shaba. La udongo halishiki moto."

"Na blanketi ni moja?"

"Baridi ikizidi, mawili."

Mzee Pyo akaitikia kwa kichwa. Akakitazama kiganja, akazitia punje zote kinywani, akatafuna muda mrefu kuliko wali unavyostahili.

"Abatizwe," akasema.

Jumapili Bibi Malsun aliteremshwa mlima mgongoni kwa Mchungaji, akimwamuru kushoto na kulia kama punda. Maji yalipomgusa utosini hakushtuka. Alicheka kwa sauti, kanisa zima likageuka. Mzee Pyo tu ndiye hakumuona. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kwenda mjini, amevaa koti lake la sikukuu, na kifurushi alichokumbatia kilikuwa bado kinatoa mvuke.