Siku Saba za Kumwombea Nzuki

"Hamkuniambia huyo mwanamke ni bibi ya Gachau! Miezi miwili mnamketisha kando yangu, Mama Jackie hivi, Mama Jackie vile, na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo!"

"Na wewe uliuliza?" Gathoni alimjibu bila kuacha kukoroga chai.

"Niulize nini? Mtu huuliza mama mwenzake ameolewa na nani?"

"Basi hata sisi hatukuuliza. Wewe mwenyewe ni Mama Dianah. Nani hapa Mwiki anajua mume wako aliitwa nani?"

"Wambua! Aliitwa Wambua! Sasa mnajua."

Nduku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwa Gathoni, mwenyekiti wetu wa maombi ya akina mama. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Kitambaa kilikuwa kimemteleza kichwani na hata hakukishika. Mimi nilikuwa pale ndani nakata sukuma wiki, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu.

"Keti unywe chai," Gathoni akasema.

"Sitaki chai. Nataka karatasi yangu irudi kabla mtoto wangu hajauawa."

Hapo hata mimi niliweka kisu chini.

Ngoja nieleze. Kila Jumatano akina mama hukutana kwa Gathoni. Kila mmoja huandika kwa karatasi jina la mtoto wake na shida iliyomshika, anaikunja, anaitia kwa kikapu. Kabla ya kwenda nyumbani kila mama anachukua moja isiyo yake, na kwa siku saba anamwombea huyo mtoto wa mwenziwe kama amemzaa yeye. Hujui ni wa nani. Siku ya nane unarudisha karatasi mbele ya wote, mwenyewe anajitokeza, mnakumbatiana, mnalia kidogo, mnakunywa chai. Ukiruka siku, hiyo siku ni deni na utailipa. Na Gathoni hutufundisha tusimfiche Mungu kitu: usiandike "mtoto wangu ana shida," andika shida yenyewe.

Nduku ni mtu wa kutii. Alikuwa ameandika hivi, kwa kipande cha paketi ya unga kwa sababu karatasi nyingine hakuwa nayo: "Nzuki, miaka 21. Atolewe kwa yadi ya vyuma ya Gachau huko Thika. Wananunua waya za stima zilizoibiwa. Mlinzi aliyewakataza alipatikana mtoni. Nzuki amepiga picha kwa simu, anataka kupeleka kwa polisi. Mungu amlinde."

Kila kitu. Alikosa tu kuandika namba ya simu.

Jumatano hiyo alimwona Mama Jackie akitia kile kipande cha paketi ndani ya Biblia yake. Alifurahi hata, kwa sababu Mama Jackie anaomba kwa machozi. Halafu Jumamosi asubuhi, akibeba sufuria zake kupeleka kibandani, akaona pikapu ya Gachau imeegeshwa chini ya flati ya Mama Jackie, na Gachau mwenyewe, ambaye Nzuki alimwonyesha kwa mbali siku moja, yuko pale, amembeba Jackie mabegani.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Tunaitana kwa watoto na tunaona ni heshima, na kweli ni heshima. Lakini unaweza kushika mkono wa mtu miezi miwili katika maombi na usijue anapikia nani.

"Huyo pia ni mama," Gathoni akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Hawezi kufanya ubaya na karatasi ya maombi."

"Utaniambia hivyo matangani?" Nduku akamuuliza, na akatoka.

Sasa huyu Nduku ni mtu wa aina gani? Alitoka upande wa Yatta akiwa msichana, akaolewa na Wambua, mchimba mawe, na mawe yakamwangukia, Nzuki akiwa bado ananyonya. Amelea watoto wawili, Dianah na Nzuki, kwa githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuzia mafundi wa mjengo. Watoto wake hawakutoka nyumbani bila kupiga magoti, awawekee mkono kichwani, aseme, "Usione ubaya ukanyamaza." Maneno hayo hayo kila asubuhi, shule ikifunguliwa, shule ikifungwa. Nzuki akiwa na miaka tisa alikuja na kengele ya baiskeli ya mtu, na Nduku alimtembeza ploti yote, mlango kwa mlango, mtoto akilia na kuuliza, "Ni yenu?" Ploti nzima ilisema ni mama mkali. Hata mimi nilisema.

Sasa yule mtoto ameona ubaya na amekataa kunyamaza. Nduku alituambia baadaye kwamba akipanda ngazi za ile flati ya Mama Jackie alikuwa anajiuliza kama ni yeye alimlea Nzuki au ni yeye alimchimbia kaburi.

Alibisha. Mama Jackie alifungua mlango nusu. Hakusema karibu.

"Ni nani huyo?" sauti ya mwanaume ikauliza kutoka ndani.

"Ni mama mmoja wa maombi."

"Si umkaribishe! Mtu wa Mungu anasimamishwa mlangoni kama mwenye deni?"

Gachau akaja mwenyewe, kikombe mkononi. Si mtu wa kutisha kumwangalia. Ni mnene kiasi, anacheka haraka, shati limepigwa pasi. Akamsalimia Nduku kwa mikono miwili.

"Na wewe ni mama nani?"

Ndilo swali la kawaida hapa. Huulizwa kila mlango na hakuna anayelihesabu.

"Mama Dianah," Nduku akasema. Na haukuwa uongo.

"Vizuri, Mama Dianah. Basi na mimi mniombee. Jioni niko na kazi kule mto Chania, chini ya maporomoko. Kuna mabomba ya zamani ya kukata." Akanywa chai. "Niko na kijana mmoja pale yadi, wa kanisa kama nyinyi. Anapenda kupiga picha sana. Leo naenda na yeye peke yake. Nataka tuongee kando ya maji, nijue ni wangu ama si wangu."

"Ataombewa," Nduku akasema.

"Amina," Gachau akasema, na akarudi kwa mkate wake.

Mama Jackie alitoka kumsindikiza, maana mgeni haachwi ashuke peke yake. Walishuka ngazi mpaka kona ya pili. Hapo Nduku akashika ukuta.

"Ni wewe," Mama Jackie akasema. "Nzuki ni wako."

"Ni wangu. Umemwambia?"

"Bado."

"Bado? Bado ni jibu la aina gani, Mama Jackie?"

"Ni jibu la mtu ana mtoto wa miaka mitano na hana kazi! Mzee akifungwa, Jackie atakula nini? Niambie wewe unayeomba kwa majina!"

"Na mimi nikizika Nzuki, utakuja matangani na sukari?"

Mama Jackie aliziba uso kwa mikono. Juu kule, Jackie alikuwa anacheka na baba yake. Wakasikiliza kicheko hicho wote wawili, na wakasikia pia Gachau akipiga simu, akimwambia mtu aandae kamba ndefu.

Mama Jackie akatoa simu yake. Alimpigia Muasya, mnyapara wa yadi.

"Muasya, habari? Aki gesi imeniishia. Mtume Nzuki aniletee mtungi hapa Mwiki. Sasa hivi, si kesho."

"Lakini mzee amesema Nzuki asitoke leo, mathee."

"Mzee ndiye yuko hapa anangoja chai! Nimwambie umekataa?"

"Zii, hapana, wacha nimtume."

Akakata simu. "Gesi yangu niliijaza juzi," akasema, na akapanda ngazi kurudi kwa mume wake.

Nduku alimngoja Nzuki kando ya barabara kwa muda wa saa mbili na dakika kadhaa. Githeri yake haikupikwa siku hiyo na mafundi walishinda njaa. Kila pikapu iliyopita alijificha nyuma ya kibanda cha viazi. Hatimaye kijana akatokea, mtungi begani, jasho likimtiririka.

"Mwaitu!" akamwita mamake kwa Kikamba. "Unafanya nini hapa? Wacha nifikishe hii kwa mathee, bibi ya bosi, kwanza."

"Weka chini."

"Lakini gesi..."

"Nzuki, weka chini! Gesi hakuna. Jioni unapelekwa Chania, na umeandaliwa kamba."

Kijana akaweka mtungi chini.

"Uende kwa mjomba wako Yatta," Nduku akasema. "Hizo picha uzifute."

"Siwezi kufuta."

"Nimesema ufute!"

"Mwaitu, yule mlinzi ako na mamake. Nani atamwambia?" Hakupandisha sauti. "Asubuhi zote hizo uliniwekea mkono kichwani, ulikuwa unasema tu?"

Nduku anasema hapo ndipo alitamani angekuwa amelea mwizi. Mwizi angefuta, angekimbia, angekuwa hai. Alimwangalia mtoto wake na akaona kazi yake yote ya miaka ishirini na moja imesimama mbele yake na jasho, na haikubali kurudi nyuma.

Akachukua mtungi, akauacha kwa mwenye viazi. Wakaenda pamoja kuandikisha taarifa kwa polisi, si Thika, bali kituo cha mbali ambapo hakuna anayekula na Gachau. Kisha Nzuki akaenda Yatta.

Jumatatu polisi walifika yadi. Ilikuwa imefagiwa, hakuna hata msumari. Gachau alikuwa ameondoka Jumamosi jioni na hajaonekana tena. Jumatatu hiyo hiyo na Jumanne, kijana fulani wa boda, ambaye hakuna anayemjua, aliegesha pikipiki mbele ya kibanda cha Nduku. Hakununua kitu. Alimwangalia tu akipakua, mpaka Nduku akafunga kibanda.

Jumatano tulikutana kwa Gathoni kama kawaida, lakini hakuna aliyeimba kwa nguvu. Mama Jackie aliingia wa mwisho. Nilidhani hatakuja. Gathoni akauliza nani ana karatasi ya kurudisha, na yeye akasimama wa kwanza na kile kipande cha paketi.

"Amenipigia mara moja tu," akasema, akimwangalia Nduku peke yake. "Hakuuliza Jackie yuko aje. Ameuliza gesi iliisha siku gani."

Basi Muasya alikuwa ameshamwambia nani alimtoa Nzuki yadi.

"Hapa siku saba hazijatimia," akaendelea. "Nne zimetimia, tangu Jumamosi. Zile tatu za kwanza sikumwombea Nzuki. Nilijua ni nani nikisoma tu. Nilipiga magoti, ndiyo, lakini nilimwomba Mungu amnyamazishe. Sikusema vipi. Nilimwachia Mungu achague." Akamnyoshea Nduku kile kipande. "Hizo tatu ni deni. Nitazilipa, nikiwa bado niko."

Gathoni alimvutia kiti, hakukikalia.

Nduku aliinuka. Alikuwa amevaa kitambaa chake vizuri siku hiyo. Alichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Mimi pia Jumamosi nilimwambia Nzuki afute zile picha," akasema. "Hizo siku tatu hunidai wala sikudai. Leta Jackie alale kwangu leo."