Mshenga wa Bonde la Honde

Zivanai alianza maisha akibeba ndizi mgongoni, kutoka bondeni Honde mpaka barabara kuu. Siku hizi alikuwa na malori yake, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa bei, watu walimtuma pia kuwaposea. Kwake posa ilikuwa biashara kama nyingine, ila hii mzigo wake unalia.

Safari hii alikuwa mshenga wa Farirai, mtoto wa dada yake, kijana wa Harare mwenye gari jipya na akili ya mkopo. Ilikuwa siku ya mwisho ya Oktoba. Kesho unaingia mwezi wa Mbuzi, na mwezi huo hakuna baba wa Kishona anayepokea posa. Chenesai, binti aliyekuwa akiposwa, tayari alikuwa akifunga kanga juu ya tumbo. Ukipita mwezi mzima, kanga haitaficha kitu, na babake alikwishasema: asiyefika kabla jua halijazama asifike tena.

Na huyo mwoaji alikuwa akisimamisha gari kila penye ukungu.

"Mjomba, tazama misonobari! Kama peponi!"

"Misonobari ni mbao. Endesha."

Walipofika ukingoni, barabara inapoanza kushuka bondeni, Farirai akasimama tena. Chini mashamba ya chai yalikuwa yamelala kijani kibichi, maporomoko yakining'inia kwenye mwamba kama uzi mweupe. Zivanai alitazama mteremko akaona breki zilizoungua na shehena zilizooza. Uzuri wa namna hiyo ulikuwa umemvunja goti.

"Picha moja tu, Mjomba. Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, lakini hukuta sahani zimeoshwa. Jua hulioni?"

"Nangojea lishuke kidogo. Mwanga wa jioni ndio mtamu."

Zivanai alimtazama kama mtu anayetazama ndizi zilizoiva upande mmoja. Alifungua buti, akatoa sahani ya mti ya kuwekea posa na kifurushi cha posa yenyewe, akavaa kofia yake. Lori la ndizi lilikuwa likishuka tupu. Dereva wake alimfahamu Zivanai, akafunga breki, naye akapanda.

"Mjomba! Unakwenda wapi? Mwoaji si mimi?"

"Posa inataka mdomo na sahani. Wewe si mdomo wala sahani. Pumzika na mlima wako."

Pale kwa kina Chenesai, vijana walimpokea kwa fimbo, kama wanavyopokelewa washenga wote, wakamkimbiza kuzunguka ghala la mahindi. Alikimbia akichechemea, akiwatukana kwa goti lake, kisha akaketi chini kwenye vumbi, akaweka sahani mbele yake, kifurushi juu yake, na kupiga vikofi taratibu. Hakusalimu. Mshenga anayesalimu kabla sahani haijaguswa amejiuza mwenyewe.

Jua lilikuwa limebaki kipande juu ya mwamba.

Shangazi wa binti akasimama mikono kiunoni. "Umekuja kama mwizi wa kuku. Mwoaji yuko wapi?"

"Yuko juu, shangazi, anauangalia mlima."

"Hajawahi kuuona mlima?"

"Ameuona. Anangoja ujirembe."

Ua mzima ukaangua kicheko, hata baba wa binti, aliyekuwa amejitayarisha kununa. Sahani ikavutwa, ikaingizwa ndani: posa imepokelewa. Shangazi akatoka na kumwambia Zivanai ainuke, ale sadza, ugali wa kwao.

Gari la Farirai liliingia giza likianza kutanda. Akabaki nje ya ua, kama impasavyo mkwe mpya. Chenesai alipotumwa kumpelekea maji, akamwonyesha picha zake. Binti alizitazama kwa heshima ya muda mfupi.

"Huo mlima nimeupanda na kuni kichwani tangu utoto," alisema. "Umenionyesha nini kipya? Aliyekuja kuniposa ni nani?"

Farirai alimfuata mjomba wake, aliyekuwa ametoka kula na kuegemea mkokoteni nje ya ua.

"Mjomba, umeniokoa."

Zivanai alikuwa akichokonoa meno.

"Sikukuokoa wewe. Nimekiokoa kilicho tumboni. Hicho angalau bado hakijajifunza kupiga picha."