Umri wa Mawe ya Mwanda

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Voi nikichagua vitunguu, na kando ya vibanda mhubiri mmoja alikuwa amefungulia spika. Nilimsikiliza kwa sikio moja, kama tunavyowasikiliza wote, mpaka aliposema kwamba dunia hii ina miaka elfu sita wala haizidi, na kwamba anayemfundisha mtoto kuwa mawe yana mamilioni ya miaka ni mtumishi wa shetani. Mama muuza vitunguu akaitikia amina huku akiendelea kunipimia. Nami, rafiki yangu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nikapandwa na hasira. Niliviacha vitunguu pale pale nikaenda zangu. Usinicheke. Kaa nikueleze hasira hiyo imetoka wapi.

Imetoka Mwanda, huko juu milimani, nilikolelewa na nyanya yangu. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni na kuchanganyika na moshi, usijue kipi ni kipi. Kabla ya shule nilikuwa nimeshateka maji mara mbili na kuwakatia mbuzi majani kwenye matuta, na nyayo zangu zilikuwa na baridi ambayo hata leo nikiifikiria naikunja miguu. Jioni tulikula kimanga. Mihogo na maharagwe huchemshwa pamoja, halafu unaponda kwa mwiko mpaka mkono unaanza kuuma. Nikitaka kuacha mapema, nyanya alikuwa ananiambia, "Kimanga cha haraka hakishiki." Nikaponda tena.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha nje, na aliyepanga humo alikuwa mwalimu wetu wa sayansi. Kwao ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na lafudhi yake ya kule alipozungumza Kidawida, lugha yetu, ilituchekesha sisi watoto. Alikula kwetu kama mtoto wa nyanya. Alimwita mama, naye akimwekea ukoko wa chini ya sufuria kwa sababu alijua anaupenda. Na Jumapili, mwalimu huyo huyo ndiye aliyetusomea Neno kanisani. Alisoma polepole, bila madoido, na nakumbuka wazee wakifumba macho ili wamsikie vizuri. Nyanya alikuwa anasema kwamba wengine wanasoma maneno, huyu anasoma alichoambiwa.

Nilipokuwa darasa la sita, barabara ya kwetu ilipanuliwa. Tingatinga lilikata ubavu wa mlima, likaacha ukuta mkubwa wa mwamba uliokuwa haujawahi kuonwa na mtu. Mwalimu alitupeleka huko darasa zima. Mwamba ulikuwa na mistari, kijivu, nyeupe, kijivu tena, imepindana kama nguo iliyokamuliwa, na katikati yake mlikuwa na punje nyekundu ndogo zinazometameta. Alivua kofia yake mbele ya ule mwamba. Kweli, aliivua, kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

"Jiwe hili lilikuwa chini sana," akatuambia, "chini kuliko kisima chochote. Likapata moto, likabanwa, likapindika taratibu. Hizi punje nyekundu zilizaliwa huko. Halafu likapandishwa hadi hapa. Kazi hiyo imechukua mamilioni ya miaka. Mungu hana haraka, watoto wangu. Angetaka haraka angetuumbia matofali."

Tulicheka. Kila mmoja akagusa mwamba. Ulikuwa baridi, na mimi nilihisi, sijui nikuambieje, nilihisi Mungu ni mkubwa kuliko nilivyodhani asubuhi ile. Sijawahi kuhisi hivyo tena kwenye mkutano wowote wa injili.

Mwezi haukuisha, akaja mwinjilisti mgeni. Alikuwa kijana mwenye suti na chati ndefu ya karatasi, aliyoitundika ukutani kanisani: majina ya vizazi kutoka Adamu kushuka chini, na mwisho wake, kwa wino mwekundu, miaka elfu sita. Alitukusanya watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wakiwa wamekaa nyuma. Kabla hajaifunua ile sehemu ya chini akauliza, "Nani anajua dunia ina umri gani?"

Nilikuwa mtoto wa kunyoosha mkono. Ndiyo sifa niliyokuwa nayo. Nikanyoosha.

"Mamilioni ya miaka!" nikasema kwa sauti.

"Wewe msichana, simama. Nani amekufundisha hayo?"

Nami, kwa fahari, nikageuka nikamwonyesha mwalimu wetu kwa kidole. Alikuwa amekaa benchi la pili, Maandiko yakiwa mapajani, akisubiri zamu yake ya kusoma. Alinitabasamia. Kanisa lote lilimgeukia, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya ushirika. Mwinjilisti alizungumza muda mrefu kuhusu mbwa mwitu waliovaa ngozi ya kondoo. Alipomaliza, mwalimu aliomba kusema.

"Wazee wangu, siku sita naziamini," akasema. "Nisichojua ni urefu wa siku ya Mungu kabla hajaliweka jua la kuipimia. Ila jiwe nimeliona. Aliyeliweka pale ni Yeye. Nikisema jiwe linadanganya, nimesema Mungu anadanganya. Hilo siwezi."

Mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye watoto wake wawili walikuwa darasani kwetu, akamwambia karibu kwa kumbembeleza, "Mwalimu, sema tu ulikosea, yaishe."

"Sikukosea, mzee."

Wakamwondoa kwenye usomaji. Wakamkataza meza ya Bwana mpaka atubu. Wiki hiyo hiyo wazazi wengine wakaenda kwa mwalimu mkuu kusema hawataki watoto wao wafundishwe naye. Na nyanya yangu, aliyekuwa kiongozi wa kina mama, mwanamke ambaye machifu walimwogopa, alikaa pale benchi la mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, akiitazama mikono yake.

Nyumbani alifoka mpaka mbuzi wakalia. "Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa, njaa gani hakuna anayejua! Kwenye kitambulisho karani alinitazama uso, akaandika mwaka aliotaka. Umri wangu umekisiwa, na mimi niko hai, ninaulizika! Huyu mtoto wa juzi ameupata wapi umri wa dunia?"

Nikamuuliza, "Nyanya, mbona hukusema hivyo kanisani?"

Akaniambia nikaangalie maharagwe yasiungue. Hakukuwa na maharagwe motoni.

Muhula mzima uliobaki, mwalimu alikuja kanisani. Alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, maana wazazi waliwakataza watoto kukaa karibu naye. Aliimba nyimbo zote. Wakati wa meza ya Bwana alibaki ameketi huku sisi wengine tukipishana. Nilikatazwa kumsogelea kanisani, nami nikatii. Jikoni kwetu aliacha kuja mwenyewe, asije akamletea nyanya maneno, basi nikawa nampelekea sahani imefunikwa. Alikuwa ananiuliza, "Umefanya hesabu?" Kamwe hakunitajia lingine.

Kisha akahamishiwa shule ya Marungu. Asubuhi aliyoondoka alizunguka nyumba akimtafuta nyanya amuage. Nyanya alikuwa chini kwenye matuta, amejikunja, anapalilia mistari aliyokuwa ameipalilia jana yake. Nilimwona. Alisikia akiitwa "mama," mara tatu, na hakuinua kichwa. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, aliniambia bila mimi kuuliza, "Nilimwacha yule kijana peke yake." Hakusema zaidi, na sikumfariji. Mungu anisamehe, lakini sikumfariji.

Miaka mitatu iliyopita niliuliza njia mpaka Makwasinyi. Nilimkuta mwalimu amestaafu, mvi tupu, anaziba ua wa shamba la pojo ambao ndovu walikuwa wameuangusha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Aliponitambua alicheka, akaniletea kigoda, na sikufika hata katikati ya maneno yangu.

"Ngoja," akasema. "Mtoto aliulizwa swali, akajibu alichofundishwa. Nilikupa alama zote siku ile. Wewe huna deni." Akauweka chini mti aliokuwa ameushika. "Lakini mle kanisani, siku niliyosimamishwa, mlikuwa na walimu wenzangu wanne. Wote walikuwa wakifundishia kitabu kile kile nilichofundishia mimi. Hao ndio ninaowaona nikifumba macho. Si yule wa suti. Yule alikuwa anaamini alichosema."

Nikamuuliza anasali wapi siku hizi.

"Mungu nazungumza naye hapa," akasema, akionyesha shamba. "Kanisani sijarudi. Walitaka nitubu, na sina cha kutubu."

Hakusema kwa uchungu. Uchungu niliubeba mimi nilipokuwa narudi.

Mimi bado ni Mkristo, rafiki yangu. Naenda kanisani, natoa sadaka, naimba. Kama mtu anaamini kwa moyo wake kwamba dunia ni changa, simkejeli, tutaulizana mbele ya Mwenyewe. Kinachoniwasha ni ule ukimya wa watu wazima mia moja waliomjua mtu, waliomlisha, waliofumba macho ili wamsikie, wakamwacha asimame pale mbele kama mwizi. Wengi wamekwisha kuzikwa na wamesifiwa makaburini kwa upole wao. Sijawasamehe. Huwa namwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba.

Na kuna kilichopotea ambacho hakuna aliyekililia. Darasa letu la sita lilikuwa na kelele. Tulibishana na mwalimu, tuliuliza kwa nini mpaka anatuomba tupumue. Baada ya Jumapili ile aliposimamishwa mwalimu, tulipoulizwa swali kanisani, na baadaye shuleni pia, tulikuwa tunautazama kwanza uso wa anayeuliza, tujue jibu gani analitaka. Halafu tunampa hilo. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Tulijifunza wenyewe, tukiwa na miaka kumi na miwili, na tulijifunza kwa siku moja tu.