Masharubu ya Chui wa Mjomba

Juzi juzi nilipewa mama mpya wa kutunza, bibi wa Kizungu anayeishi peke yake juu kule Blackheath, hapa London. Mimi hufanya kazi ya kea, unaijua: unaamsha wazee wa watu, unawaosha, unawapa chai na dawa, halafu unakimbilia basi kwenda kwa mwingine. Basi nikafungua mlango wa sebule yake, nikaganda. Chini, mbele ya moto wa gesi, alikuwa amelala chui. Ni ngozi tu, lakini ngozi yenye kichwa, mdomo wazi, macho ya kioo. Na masharubu yake yote yapo.

Yule bibi akacheka. "Haumi huyo," akaniambia kwa Kiingereza chake. "Baba yangu alimpiga risasi kabla mimi sijazaliwa."

Nikapiga magoti, nikapitisha mkono chini ya kwapa la yule mnyama, pale mshale unapoingia ukitoka kwa mtu anayejua. Hakuna kitu. Tundu lilikuwa mgongoni, pana, la kupitisha kidole gumba. Nikasema moyoni, mjomba angeliona hili angecheka mpaka akae chini.

Acha nikwambie habari za mjomba. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Na watu wema nitawaita kama nilivyowaita utotoni, nyanya na mjomba, basi. Wabaya ndio nitakaowataja majina. Wamekaa miaka yote wakidhani tumesahau.

Tulikaa kwenye kilima kikavu huko Ukambani, mbali nyuma ya Kitui, nyanya, mjomba na mimi. Asubuhi niliamshwa na mdundo wa kinu, nyanya akikoboa mahindi ya muthokoi, yale tuliyopika na mbaazi mpaka chungu kinanukia hadi kwa jirani. Kisha kengele za mbuzi. Kisha mimi na kibuyu, kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, unachota kidogo, unangoja yajae, unachota tena. Mjomba alikuwa mtu wa nyuki. Alitundika mizinga ya magogo kwenye miti, na akirudi alininyooshea kipande cha sega kwa vidole vilivyovimba, kama vile kuumwa ni nauli tu ya kupata asali. Upinde wake ulikaa juu ya mlango, na hakuna mtoto aliyeugusa.

Kiangazi kilipozidi, chui akashuka. Alianza na mbuzi, akamchukua mbwa, halafu akanifikia mimi. Nilikuwa ninaondoa miiba kwenye mlango wa zizi niwatoe mbuzi, kumbe yeye bado yumo ndani. Alinipitia begani kama mtu anayesukuma mlango atoke. Nyanya alikuja na kijinga cha moto akipiga kelele, chui akaruka ua na mbuzi mdomoni. Mkono wangu ulikuwa wazi kutoka bega hadi kiwiko. Mpaka leo, nikiinua mkono kushika chuma cha basi, unanikumbusha.

Makucha ya chui yana uozo. Siku chache tu, mkono ukavimba ukawa kama mtungi. Hospitali ilikuwa mbali, na gari katika lokesheni nzima lilikuwa moja, Landrova ya chifu. Nyanya akaenda kumpigia magoti. Chifu Muasya, nimemtaja, alikuwa anakula. Akamwambia, "Niletee ngozi ya huyo chui, mimi nitampeleka mtoto." Alikuwa na tajiri wake mjini aliyetaka ngozi.

Nyanya alirudi, akamwambia mjomba maneno yale. Mjomba akanyoosha mkono juu ya mlango.

"Wewe umeshindwa kupata mke," nyanya akamwambia, machozi yakimtoka, "utampata chui?"

"Chui hadai mahari, mama."

Nilikuwa nimelala kwenye ngozi ya ng'ombe, ninachemka kwa homa, lakini matayarisho yake niliyaona yote. Alifungua mishale yake. Kila ncha ilikuwa imepakwa sumu ya msunguti, nyeusi kama lami, ikafungwa kwa ukanda laini wa ngozi ya mbuzi isikauke. Alinusa, akachagua mmoja. Mmoja tu! Nyanya akamuuliza mbona asibebe mingi. Akasema, "Ukikosa wa kwanza, wa pili chui anakuja nao mwenyewe." Hakuoga, hakugusa ugoro, akajipaka kinyesi cha mbuzi na jivu. Maana alikuwa akisema kila siku kwamba chui hawindwi kwa miguu, huwindwa kwa makalio. Unakaa.

Akakaa. Chui alikuwa amemtundika yule mbuzi wetu kwenye mti korongoni, na atamrudia. Mjomba alilala kwenye majani karibu na ule mti tangu jua kali, anamwaga jivu kidogo kidogo kuona upepo unakwenda wapi, siafu wakimpanda asijikune. Jua lilipoanza kulegea, chui akaja, akasimama mahali ambapo mtu angeweza kumtemea mate. Mjomba akangoja. Akangoja mpaka mnyama akainua mguu wa mbele kupanda na kwapa likafunguka. Mshale ukaingia hapo hapo, na chui hakusikika hata akikohoa. Chui alikimbia kama umbali wa kutoka hapa kwangu mpaka soko la Woolwich, akalala chini ya mgunga kana kwamba amechoka.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kwenye jambo lenyewe. Kwetu masharubu ya chui ni sumu. Ukimkatia mtu kwenye chakula, hafiki mbali. Ndiyo maana anayeua chui hachuni kwanza. Anaita majirani, anang'oa masharubu mbele yao, anayatia motoni, na kila aliyepo lazima aseme kwa sauti, "Nimeona." Usiposhuhudiwa, kesho mtu akiumwa tumbo ni wewe. Mjomba aliwaita. Nilisikia kutoka ndani ule mlio mdogo wa nywele kuungua, nikasikia harufu yake, na sauti za watu moja moja: nimeona, nimeona. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kimanzi, jirani yetu wa chini.

Baada ya hapo mjomba akafanya kazi ambayo sijaona mtu akiifanya vizuri tena. Nyama ya kuzunguka jeraha, iliyoguswa na sumu, aliikata akaizika kwa kina. Iliyobaki ilichemshwa ikapewa mbwa wa majirani, ili wakizoea ladha yake wasiogope harufu yake. Mishipa ya mgongo aliianika iwe kamba ya upinde. Ngozi akaiwamba kwa vijiti, akaisugua jivu na chumvi hata ikawa laini kama shuka, na tundu la mshale chini ya kwapa hulioni mpaka uonyeshwe. Mafuta akampa nyanya. Nyanya akayayeyusha, akayachanganya na asali ya ile mizinga, akanipaka asubuhi na jioni. "Aliyekuchana ndiye atakayekushona," akaniambia.

Mjomba akaibeba ngozi kwa chifu. Muasya akaikunjua, akaangalia kichwa, uso ukabadilika. Tajiri alitaka kichwa kizima cha kuweka ukutani, na masharubu yake. Sasa hayapo.

Ile Landrova ilikuja kweli. Ilimbeba mjomba. Mle ndani alikuwamo askari wa wanyamapori, Mulwa, ambaye asali ya mjomba ilimlea, akamfunga pingu kwa kuua mnyama wa serikali. Na kwenye baraza, Muasya, Mkamba mwenzetu anayeijua mila kama kiganja chake, akasimama akauliza: masharubu yako wapi? Huyu ameyaficha awaue nyinyi. Nani aliyeyaona yakiungua?

Akamgeukia Kimanzi.

"Mimi sikuwa huko," Kimanzi akasema, anaangalia viatu vyake.

Nyanya peke yake ndiye aliyesimama. "Mimi niliona!" Wakamcheka, eti mama wa mwizi.

Mkono wangu ulipona. Homa ilishuka, kidonda kikafunga, bila Landrova ya mtu. Mjomba alirudi kutoka jela na kifua kibovu, akakuta watu hawapokei chakula mkononi mwake, hata asali yake. Hakuishi sana. Nyanya alimfuata. Kilima kile sasa, naambiwa, miti imekwisha kwa makaa, mizinga hakuna, na chui haonekani tena hata unyayo. Muasya alizeeka kitandani mwake akiitwa mheshimiwa. Binti yangu aliyezaliwa hapa, nikimsimulia, hunijibu kwa Kiingereza kwamba siku hizi kuua chui ni kosa. Ndiyo mama, namwambia, hata siku zile lilikuwa kosa, lakini kwa watu kama mjomba tu.

Yule bibi wa Blackheath aliniona kila siku nikiizunguka ile ngozi kwa mbali. Akaniuliza, nikamweleza, kipande leo, kipande kesho, nikimkausha miguu. Siku moja nilipofika, alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkasi mapajani.

"Muondoe hayo masharubu," akasema. "Mimi nitatazama."

Nikayakata moja moja, magumu kama waya, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka jikoni, nikawasha gesi. Yakalia ule mlio mdogo. Harufu ile ikapanda, na kwa kitambo nilikuwa nimelala kwenye ngozi ya ng'ombe, ninangoja. Kengele ya moshi ikaanza kupiga kelele juu ya vichwa vyetu. Nikamfundisha neno. Alilijaribu, likamshinda, akalijaribu tena kwa sauti ya juu kuishinda kengele.

"Nimeona," akasema.