Gari Tulilolipigia Msasa

Nilisikia msasa kabla sijafungua macho. Krr, krr, kisha maji yakimwagwa, kisha krr tena. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya likizo ya Aprili, na nyuma ya nyumba yetu ya Kitale baba yangu alikuwa ameanza kulivua gari lake rangi ya zamani.

"Mama," aliniita niliposimama mlangoni, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "leta ndoo. Kaka yako amesema mimi ndiye nitakayembeba bibi arusi."

Kaka alikuwa mwalimu Bungoma, na Agosti angemwoa msichana wa Kabuchai. Alikuwa amempigia Baba kwenye simu ya mkononi, ya kwanza nyumbani kwetu, akamwahidi kwamba hakuna mwingine atakayemwendesha bibi arusi hadi kanisani. Baba alikuwa amestaafu mwaka uliopita kutoka bohari la mahindi. Tangu siku hiyo aliamka alfajiri, akavaa koti lake la kazi, akakaa kitini. Sasa alikuwa amekunja mikono ya shati.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la aina ya saluni, lililonizidi umri. Aliyelimiliki kabla yetu alilibandika michirizi myekundu ubavuni, chui kwenye boneti, na bawa la plastiki juu ya buti, kana kwamba lingeruka. Baba hakuongeza kitu; aliondoa. Chui alitoka kwa maji moto na kucha zangu. Bawa liling'olewa, matundu yake yakazibwa. Chini ya mpira wa buti tuliikuta rangi ya kiwandani, krimu, nzima kabisa. Baba aliigusa kwa kidole, akasema ni rangi ya maziwa ya Endebess ng'ombe wakishakula nyasi mpya. Hiyo ndiyo tuliyoirudisha.

Fundi wa jua kali aliyetupulizia rangi alihuzunika.

"Mzee, si tuweke hata taa ya buluu hapa chini? Itawaka, bana!"

"Napeleka bibi arusi, sipeleki disko."

"Basi kamstari kamoja tu."

"Hata hako kamoja."

Alichoruhusiwa ni mlango wa dereva. Ulikuwa umelegea, ukining'inia kama mdomo wa mtu anayesinzia. Fundi aliunyanyua kwenye bawaba zake, akaubadilishia mpira, hadi ukakaa sawasawa na ubavu wa gari. Baba aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Umesikia, Mama? Hausemi kitu."

Kila Jumapili kaka alipiga simu. "Imefika wapi?" Baba alimsimulia yote, hata jinsi nilivyovisugua vifuniko vya magurudumu kwa majivu mpaka nikajiona ndani yake. Kaka alicheka, akasifu, akaagiza utepe wa boneti uwe mweupe na mwembamba. Niliununua mwenyewe, nikauhifadhi ndani ya daftari nililokuwa nikiandikia hadithi zangu, kwa sababu humo ndimo nilimoweka kila nilichokiamini.

Siku ya harusi mimi na Baba tulitangulia alfajiri. Mama yangu na jamaa wengine wangefuata kwa basi. Karibu na Kabuchai Baba alisimama kijitoni. Tuliosha vumbi lote kwa fulana kuukuu, hata lile lililojificha nyuma ya bampa. Tulipoingia bomani kwa wakwe, gari lilikuwa linameta, na shangazi ya bibi arusi akalizunguka akipiga vigelegele.

"Wakwe! Gali hii ni kama imezaliwa leo!"

Baba alicheka kama kijana. Ndipo nilipoona, kando ya shamba la miwa, gari jeupe, refu, lililofunikwa maua ya plastiki kutoka boneti hadi buti.

"Lile ni la nani?" nilimwuliza binamu ya bibi arusi.

"Ya maharusi. Si tuliikodi tangu Krismasi?"

Tangu Krismasi. Nilimkuta kaka, aliyekuwa amefika kabla yetu kutoka Bungoma, nyuma ya ghala la mahindi, rafiki yake akimfunga tai.

"Ulijua," nilimwambia.

"Ati nini?"

"Hata kabla hatujashika msasa, ulijua."

Yule rafiki aliachia tai akaondoka. Kaka aliangalia viatu vyake vipya.

"Sikiza, dada. Si uliona vile mzee alikuwa anakaa kwa hicho kiti? Angekufa na hiyo koti. Nilitaka tu apate kitu ya kumshughulisha. Na si gari imependeza? Atabeba soda za wageni."

Nikazikumbuka zile Jumapili zote, na kicheko chake, na Baba akiikandamiza simu sikioni ili asikose neno.

Chupa ziligongana. Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala na kreti ya soda mikononi. Mtu wa kamati ya harusi alikuwa ameshamkabidhi. Sikuhitaji kuuliza kama amesikia. Chupa ndizo zilizonijibu, kwa jinsi zilivyoendelea kugongana.

Alirudi hadi kwenye gari. Alivua koti lake jipya, akalitandika kwenye ukingo wa buti mahali ambapo kreti zingeikwaruza rangi, akaisukuma ya kwanza juu yake. Kisha ya pili, kisha zilizobaki. Kaka alimfuata, tai ikipepea.

"Baba, ni kamati tu..."

"Soda zitapata moto," Baba alisema. "Kanisa liko upande gani?"

Kaka alinyoosha mkono.

Nilisogea na utepe wangu, bado umekunjwa. Baba aliutazama, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Baki, Mama. Usikose kwenye picha."

Akaingia, akauvuta mlango. Haukusema kitu.