Alama ya Kutoa Niliyoifuta

Nakumbuka Jumamosi moja kule Temeke, enzi za Mwingereza, nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu Uganda. Nilikuwa nimevaa soksi ndefu nyeupe kwenye mchanga ule, mwanangu, kwa hiyo hukumu yangu unaweza kuanza kuitoa hapo hapo.

Shangazi Mwanaidi alikuwa na mtoto mmoja tu, Salumu, askari wa Mwingereza vitani huko Malaya, Mashariki ya Mbali. Mwaka mzima hakupata habari zake. Kisha ikaja barua: sauti yake imerekodiwa, na itasikika redioni Jumamosi hiyo saa kumi, katika salamu za askari walio ng'ambo. Redio ilikuwapo, ya marehemu mumewe, ya kutumia betri ya gari, ila betri yenyewe ilikuwa imechoka. Mzee Ngonyani, dereva wa lori la kokoto la Pugu, akaleta nzima asubuhi ile.

"Hii peke yake inatosha," alisema huku akiitua. "Hiyo kongwe iwekeni kando."

"Shikamoo mzee. Lakini zikiwa mbili zitasaidiana. Nitakuonyesha kwa hesabu."

"Marahaba. Haya, nionyeshe. Mie nimesomea kwenye usukani."

Akanipimia volti kwa mita yake ndogo, nami nikafungua daftari. Kanuni zenyewe ni mbili, wala si ngumu. Mkondo wa umeme unaoingia kwenye kiungo cha nyaya ndio huo huo unaotoka. Hakuna unaopotea njiani. Na ukiuzunguka mzunguko mpaka ulipoanzia, volti za betri na volti zilizotumika njiani lazima zilingane. Usipojua mkondo unaelekea wapi, unachora mshale upande wowote, halafu unakokotoa. Nikachora mishale miwili kutoka kwenye betri zile, na wa tatu kwenda kwenye redio.

Jibu la betri kongwe likaja na alama ya kutoa mbele yake.

Nikalitazama. Kazi ya betri ni kusukuma umeme. Mkondo wake utakuwaje chini ya sifuri? Nikadhani nimekosea kujumlisha mahali fulani, na Mzee Ngonyani alikuwa akichungulia begani kwangu. Nikachukua kifutio, nikaifuta ile alama. Saa nne nikaziunga betri zote mbili pamoja, ili zizoeane kabla ya kazi. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Saa kumi ua ulijaa majirani. Shangazi alikuwa amevaa kanga mpya, utadhani Salumu angemwona. Redio ikaanza vizuri, askari wa kwanza, wa pili. Kisha, kwa sauti iliyokuwa tayari inafifia, "Mimi ni Salumu, nyumbani Temeke. Mama..."

Redio ikanyamaza.

Mzee Ngonyani, aliyekuja kusikiliza, akashika betri kongwe, akaniita. "Njoo uguse."

Ilikuwa ya moto.

"Imekunywa umeme wa mwenzake tangu asubuhi. Hesabu yako haikukwambia?"

"Iliniambia," nikasema. Hilo ndilo jambo pekee la kiungwana nililofanya siku ile.

"Sasa?"

"Ulikuwa unachungulia, mzee."

Hakucheka. "Kumbe mie ndiye uliyekuwa unanipigia hesabu," akasema, "si betri."

Shangazi hakunigombeza. Ila kila nilipokuja likizo aliniuliza, "Baba, wewe uliyesoma, hebu nikokotolee: baada ya 'Mama' alisema nini?" Salumu alirudi salama. Naye akaulizwa, akakuna kichwa. "Si nilisema tu hamjambo?" Shangazi hakuliamini jibu hilo mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo, mwanangu, chora mshale wako. Kukisia si dhambi. Bila kukisia hesabu haianzi. Ila jibu likija na alama ya kutoa, usiifute kwa sababu kuna mtu anakutazama. Kwanza rudia hesabu. Ikibaki pale pale, basi inakwambia kwamba mkondo unakwenda upande wa pili. Geuza mshale, na useme kwa sauti kuwa umeugeuza.

Mungu akupe macho ya kuziona alama hizo na moyo wa kuziacha mahali pake. Na akuepushe na swali la shangazi yangu, maana mpaka leo sina jibu lake.