Siafu wa Nyuma ya Ghala

Wabwile, mume wa binti yangu, na dada yake Phelista walisema mbele ya watu kwamba nilivua nguo makusudi ili nimlaani Wabwile. Sikumlaani mtu. Niliumwa na siafu. Na binti yangu Nasambu, aliyewatoa siafu hao mwilini mwangu kwa vidole vyake mwenyewe, aliulizwa akakwepa.

Mimi ni Nanyama wa Kamukuywa. Sikusoma. Utotoni nililea wadogo zangu, kisha nikaolewa, kisha nikabaki mjane na mtoto mmoja wa kike. Nauza ndizi mbivu na mboga za sukuma sokoni, upande wa wauza mitumba, na kwa kazi hiyo nilimlea Nasambu mpaka akaolewa nje kidogo ya Kitale, mahali penye mahindi mpaka macho yanachoka. Watu wa soko walikuwa wakiniita Mama Nasambu. Sasa nikigeuka wananiita jina lingine. Sitalisema hapa. Ni la mwanamke aliyevua nguo.

Asiyekuwa wa kwetu aelewe jambo moja kwanza. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Siku moja nilimwona Wabwile akija sokoni na baiskeli yake, nikachuchumaa nyuma ya rundo la kabichi la jirani yangu mpaka akapita. Mwenye kabichi alinitazama, akasema, "Mama Nasambu, nikuuze pamoja na hizi?" Tulicheka sana. Heshima hiyo haikuwa mzigo kwangu. Miaka yote hiyo Wabwile hakuwahi kuona hata goti langu.

Na jambo la pili. Kwetu, mama akivua nguo mbele ya mwanawe au mkwe wake kwa hasira, hiyo ni laana kubwa kuliko zote. Hata watu wanaoimba kwaya wanaiogopa.

Ilikuwa mwaka wa 2006, mwezi wa kumi, mvua ikinyesha kila alasiri. Nasambu alikuwa amejifungua mtoto wa kike akaumwa sana baadaye. Nilisikia kwamba amekonda, na bado anapikia wavunaji. Nikaenda Kitale kumwomba Wabwile aniruhusu nimchukue Kamukuywa yeye na mtoto, wapumzike mpaka apate nguvu.

Nilikuta watu wa kanisa wamekuja kumwombea mtoto. Wanaume walikuwa uwanjani wanakunywa chai, pamoja na mzee Hesbon, mzee wa kanisa lao. Kwa sababu ya ile heshima sikuweza kukaa nao. Phelista akabeba kigoda akakiweka nyuma ya ghala la mahindi, kwenye majani marefu, akaniambia, "Mama, kaa hapa, hakuna atakayekuona." Kisha akasimama kwenye kona ya ghala ili apeleke maneno yangu na kuleta ya kaka yake. Ndivyo inavyofanywa. Wabwile alikuwa upande wa pili wa ghala, anasikia kila kitu, lakini lazima apelekewe.

Nikasema, "Mwambie Wabwile nimekuja kumchukua Nasambu na mtoto wapumzike kwangu."

"Mama anasema ati anamchukua Nasambu."

"Mwambie mama mahindi bado iko shambani. Nani atapikia wavunaji?"

"Anasema mahindi—"

"Nimesikia, Phelista. Mwambie wavunaji wana mikono."

Mzee Hesbon akacheka kwenye chai yake. "Wabwile, hapo umeshikwa, bana."

Wabwile hakupenda kuchekwa. "Mwambie mama huyu ni bibi yangu. Hatoki."

Nilikasirika, sikatai. Nilisema kwa sauti, bila kumpitishia Phelista, "Nikirudi bila mtoto wangu, hutaisahau siku hii!" Ni maneno ambayo mama yeyote angesema. Lakini ndiyo maneno yangu ya mwisho kabla ya siafu, na ndiyo yaliyoniua.

Siafu hawaumi mmoja mmoja wanapofika. Wanapanda kimya. Unahisi kama unyasi unakugusa kifundo cha mguu, unaupuuza. Wanapita chini ya rinda, chini ya kamisi, wanafika mapajani, mgongoni, kwapani, halafu wanauma wote pamoja kama waliopigiwa filimbi. Niliruka. Kigoda kilianguka. Nilijipiga, nikajikuna, na kila nilipojipiga waliuma zaidi. Nguo zikiwa mwilini huwezi kuwashinda siafu. Kila mtu aliyelelewa huku anajua hilo, hata mtoto: ondoka mahali ulipo, vua kila kitu, ndipo uanze kuwatoa.

Nyuma yangu palikuwa na ua wa miiba. Kando yangu palikuwa na ukuta wa choo. Njia ilikuwa moja tu, ya kwenda uwanjani. Nikapita hiyo. Nilipofika katikati ya watu rinda lilikuwa limeshatoka na kamisi ilikuwa mkononi mwangu. Wabwile alisimama mbele yangu na kikombe. Nilimwona akiniona. Kikombe kilianguka, akajifunika uso kwa kofia, na wanaume wote wakageuza migongo. Na Phelista, aliyekuwa nyuma yangu, akapiga kelele: "Amemlaani! Mama amemlaani kaka yangu!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mpaka leo, nikiwa nafunga mafungu ya sukuma, kile kikombe kinaanguka tena mbele ya macho yangu, nafumba macho katikati ya soko.

Nasambu alitoka ndani akanifunika leso, akanivuta jikoni akafunga mlango. Alinitoa siafu mmoja mmoja. Wengine tayari walikuwa wamekatika, kwa sababu nilikuwa nimewavuta kwa pupa. Ukimvuta siafu kwa kiuno, mwili unatoka na kichwa kinabaki kimeng'ata. Nasambu alijua, nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo. Alishika kila kichwa kwa kucha, karibu kabisa na ngozi, akakitikisa kushoto na kulia mpaka meno yakaachia. Akawatupa motoni. Kisha akanipangusa kwa maji baridi na sabuni, akaweka kitambaa kilicholowa pale palipovimba.

Alipokuwa akifanya hivyo aliniambia kwa sauti ya chini, "Ni wale wa asubuhi. Walikuwa wanapita kwenye mlango wa jikoni, Phelista akawamwagia jivu la moto katikati. Wakatawanyika kwenda huko nyuma ya ghala."

"Phelista alijua wako huko?"

"Alijua, mama."

Kumbuka maneno hayo, msomaji. "Alijua, mama." Niliyasikia kwa masikio yangu.

Nilirudi Kamukuywa bila binti na bila mtoto. Haikupita wiki, Wabwile akaanguka na baiskeli akavunjika mkono. Kisha ng'ombe wake akatupa ndama. Phelista hakuhitaji kusema mengi. Alikuwa akiuliza tu watu, "Si mnaona?"

Waliniita kwenye uwanja wa kanisa lao. Tuliomba kwanza, kisha wakaanza kunishitaki kwa laana. Wabwile alikaa mbali, amenipa mgongo, mkono umefungwa. Phelista alisimama akayarudia maneno yangu yote, pamoja na yale ya mwisho. Hakuongeza hata moja. Aliacha tu siafu.

Mzee Hesbon si mtu mbaya. Alisema, "Mama Nanyama, ukisema ni siafu, tutakuamini vipi? Alama ziko?"

Nilisema ziko, lakini ziko mahali pasipoonyeshwa. Basi akaamua mke wake na Phelista waniangalie ndani. Hivyo nikavua nguo mara ya pili kwa watu wale wale, kwenye chumba kinachowekwa ngoma na viti vya arusi, huku Phelista ameshika taa karibu na ngozi yangu kama mtu anayechagua nyama. Alama za siafu hazifichiki kwa anayezijua. Si uvimbe mmoja wa mviringo kama wa mbu, na si lengelenge lenye usaha kama la wale sisimizi wadogo wekundu. Ni vitundu viwili viwili, vinatazamana, kama umechomwa na sindano mbili pamoja. Vyangu vingine nilikuwa nimevikuna usiku vikawa vidonda, lakini mgongoni, pale mkono wangu haufiki, vilikuwa safi kabisa. Mke wa Hesbon alivitazama vitundu akamtazama Phelista.

Walipotoka nje, Phelista alisema, "Ni upele. Hata mimi nimewahi kuwa nao."

Mke wa Hesbon akasema, "Mimi siwezi kujua."

Ndipo Hesbon akamgeukia binti yangu. "Nasambu, wewe ndiye ulimfunika mama yako. Kulikuwa na siafu?"

Nilisikia hata mtoto akinyonya. Nilifikiri, sasa yameisha. Nilifungua hata mkoba wangu nikatoa kitambaa nipanguse uso nirudi nyumbani. Nasambu alimtazama mume wake. Akamtazama Phelista. Kisha akainamisha kichwa kwa mtoto akasema, "Mimi nilikuwa ndani na mtoto."

Wakakata shauri kwamba nilete kondoo wa kutakasa nyumba ya Wabwile. Mpaka nimlete, nisikanyage pale, na Nasambu asilete mtoto kwangu. Kondoo ningempata. Lakini kupeleka kondoo ni kusema ndiyo, nilikusudia. Nilikataa. Wakanyanyuka wakaniacha nimekaa.

Mtoto huyo alipewa jina langu kabla ya mambo haya. Anaitwa Nanyama. Sijawahi kumbeba. Nilisikia kwa watu wa soko kwamba ameanza kutembea, kwamba ana meno yaliyoachana kama yangu. Mwanamke mmoja aliniambia habari hizo akiwa anachagua ndizi, kisha akakumbuka mimi ni nani. Akaenda kununua kwa mwingine.

Mwaka wa 2008, mvua za Aprili, asubuhi nikiwa nafungua magunia, simu yangu ndogo ililia. Ilikuwa sauti ya Nasambu. Hakusalimia.

"Mama, siafu! Wako kwa mtoto! Wako kichwani, wako kila mahali!"

Nyuma yake nilisikia mtoto akilia. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilisikia sauti ya mjukuu wangu.

"Yuko wapi?"

"Kwa kitanda."

"Mtoe nje, mbali na nyumba, mahali palipofagiliwa. Mvue zote. Umevua?"

"Nimevua. Phelista amekuja na mafuta ya taa, anataka kumpaka."

"Asimguse! Mafuta ya taa ni ya njia yao, si ya ngozi ya mtoto. Mwambie arudi nyuma. Anza na macho na masikio. Shika kichwa, usivute kiuno. Tikisa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

Nilimsikia akihema na mtoto akipiga kelele, na mimi nimesimama sokoni na sukuma mkononi, watu wananitazama. Kwa mara hiyo moja sikuona aibu.

"Sasa sabuni na maji baridi. Kitambaa chenye maji. Mkate kucha asijikune. Mtazame midomo. Imevimba? Anapumua vizuri?"

"Jicho limevimba kidogo. Anapumua."

"Mdomo ukivimba, au akianza kuhema, au akitapika, mbebe hospitali hapo hapo. Usingoje watu wa maombi."

Kilio cha mtoto kilishuka polepole mpaka kikawa kwikwi. Nikaendelea kumwambia, kwa sababu sikutaka akate simu. Nikamwambia wakipita tena asiwamwagie jivu katikati, watatawanyika waingie kila mahali. Atoe watoto na kuku, aache wapite, na jivu amwage kuzunguka nyumba kabla hawajafika. Afyeke majani karibu na ukuta. Miguu ya kitanda cha mtoto aiweke ndani ya mikebe yenye maji.

"Amenyamaza," akasema. "Ana vitundu viwili viwili, mama. Mwili mzima." Halafu akaanza kulia. "Kama vile vyako. Kama vile vya mgongoni kwako."

Nikamwuliza, "Vile vya siku gani, Nasambu?"

"Siku ile. Walikuwa siafu. Najua walikuwa siafu, mama. Unisamehe. Phelista alikuwa ananitazama."

"Phelista yuko hapo sasa?"

"Yuko."

"Basi rudia kwa sauti."

Simu ikakatika. Sijui kama ni yeye aliyekata au ni salio lililokwisha. Mtoto alipona, hilo nililisikia sokoni. Siku ya pili walishaanza kusema ati laana ya nyanya yake imemfikia hata mtoto.

Phelista ananidai kondoo ambaye hatampata. Mimi simdai Phelista kitu. Mdomo wake naujua, siwezi kuutegemea. Wabwile simdai pia, aliona alichoona akajifunika uso, na labda hata yeye angali na aibu yake.

Anayedaiwa ni Nasambu, mtoto wa tumbo langu. Aliyoniambia kwenye simu ayaseme kwenye uwanja wa kanisa, akisimama, mzee Hesbon akiwepo na mke wake akiwepo na Phelista akimtazama vile vile. Aseme, "Mama yangu aliumwa na siafu. Niliwatoa kwa mkono wangu." Ni maneno machache. Akishayasema, aniletee Nanyama mdogo hapa sokoni, mbele ya wauza kabichi, nimbebe.